Kumi Bila Mkono

Watu wa mtaani walisema Kosgei amerukwa na akili. Mtu mzima, dereva wa injini, baba wa watoto wawili, mvi zimeshaingia kwenye ndevu, anaketi sakafuni mchana kutwa akicheza na matofali ya plastiki ya watoto! Walikuwa wakipita mlangoni makusudi ili wachungulie, kisha wanaenda kucheka kwenye mfereji wa maji. Mwenyewe hakuwajibu. Mwezi ule wa Juni, mwaka wa sabini na tatu, Kosgei alikuwa amechoka hata kukasirika kulimshinda. Chepkemei mkewe alimwekea chai, chai ikapoa. Akamwambia nywele zimezidi, akaitikia "mm," na nywele zikabaki pale pale.

Mimi nasema hivi: ukitaka kumcheka mtu, kwanza uliza anajenga nini.

Alikuwa anajenga injini ile ile aliyoiendesha miaka tisa katika kiwanda cha unga cha bwana Mukesh hapo Nakuru. Ilikuwa injini ndogo ya dizeli, ya kusukuma na kupanga mabehewa ya mahindi na ngano kwenye reli ya kiwanda, nayo ilitengenezwa Denmark. Ilifika mwaka wa sitini na nne, imeshafanya kazi huko kwao mpaka ikachoka kidogo, ikaja na fundi wake, Mdenmark mmoja mrefu aliyeitwa Nilsen. Huyo Nilsen aliibadilisha magurudumu ili ikae kwenye reli zetu nyembamba. Akakata yale masahani mawili ya chuma ya mbele, ambayo kwao ndiyo mabehewa hugongana nayo, akaweka kiungo kimoja cha katikati kama cha mabehewa yetu. Ilikuwa nyekundu ya maharagwe, kibanda cha dereva nyuma, na mbele yake boneti ndefu yenye kunguruma.

Nilsen ndiye aliyemfundisha Kosgei kuiendesha, kwa Kiswahili cha maneno ishirini hivi. "Ona mkono, kwenda," alimwambia. "Hapana ona mkono, simama. Kwisha." Na kweli sheria yote ya kazi ile ilikuwa hiyo tu.

Mkono wenyewe ulikuwa wa Kinyanjui. Kinyanjui alikuwa Mkikuyu wa Kabazi, mfupi, mcheshi, na kazi yake ilikuwa kutembea chini kando ya reli akimwonyesha dereva kwa mkono: njoo, pole pole, simama, rudi. Injini ikikaribia behewa, yeye ndiye huingia katikati kutayarisha kiungo, halafu anatoka na kuinua mkono, na injini inasogea kushika. Miaka tisa Kosgei aliutazama mkono ule kuliko alivyoutazama uso wa mkewe. Mchana walikula pamoja, githeri ya Kinyanjui ya mahindi na maharagwe, na maziwa ya Kosgei, na kutukanana kwa mapenzi. "Nyinyi Wakalenjin mnajua kukimbia tu," Kinyanjui alimwambia, "lakini kwa injini unaenda kama bibi harusi."

Mwezi wa nne injini ikamkuta Kinyanjui humo katikati. Hospitali wakamkata mguu wa kulia chini ya goti.

Basi kesi ikawa moja tu, na kila mtu kiwandani aliijua. Kosgei alisema hakumwona. Kinyanjui alisema alikuwa mbele ya injini, na dereva alipaswa kusimama. Hakuongeza neno. Ofisa wa kazi aliyekuja kuchunguza akataka kujua jambo moja: je, dereva akiwa amekaa kitini pake, angeweza kumwona mtu mahali pale, au boneti ingemficha? Kama angeweza kumwona, makosa ni ya dereva, aondoke kazini na nyumba ya kampuni airudishe. Kama hangeweza, basi Kinyanjui aliingia hatarini kwa kupenda kwake, arudi Kabazi na mkongojo wake, na asidai kitu. Injini yenyewe haikuwepo ikaangaliwe. Ilikuwa imepakiwa, imepelekwa Nairobi kwa matengenezo, na hakuna aliyejua itarudi lini.

Bwana Mukesh alipenda jibu la pili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kiwanda. "Kosgei," alimwambia, "wewe mtu yangu ya siku nyingi. Onyesha huyu ofisa hiyo boneti ilikuwa refu, maneno kwisha."

Nitamwonyesha na nini, Kosgei akajiuliza. Ofisini kulikuwa na picha moja tu ya injini, ya huko kwao Denmark, imesimama kwenye theluji na masahani yake mawili bado mbele, na picha hiyo ilionyesha ubavu, si anachokiona dereva. Ndipo Sarla, binti ya Mukesh aliyekuwa karani pale, akakumbuka sanduku. Watoto wa Nilsen walipoondoka mwaka wa sitini na nane walimwachia vitu vyao vya kuchezea: matofali madogo ya plastiki yanayoshikana, mekundu, meusi na meupe, reli za buluu, magurudumu, na mota ndogo ya betri. Yeye hakuwa mtoto tena, na sanduku lilikuwa linalala stoo.

"Chukua, mzee Kosgei," alimwambia. "Hiyo mota bado nzima. Mimi nilijaribu."

Kosgei alilibeba sanduku begani mpaka nyumbani. Alikuwa amesimamishwa kazi kwa muda, siku zote zilikuwa zake, lakini tangu ajali usingizi ulikuwa hauingii vizuri na mwili ulikuwa mzito kama gunia la mtu mwingine. Akamwaga matofali juu ya mkeka, akaanza.

Mara ya kwanza alijenga kwa kukumbuka, ikatoka kibanda kikubwa na boneti fupi, kitu cha kuchekesha. Akabomoa. Dereva anayeketi kwenye kibanda miaka tisa huona kibanda ndiyo nyumba na kilichobaki ni mkia tu. Akajenga ya pili, magurudumu yakagusana. Akabomoa. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila alipoweka mota ndani, mota ikakataa kuingia, na betri zake tatu nazo hazikuwa na pa kukaa. Mwishowe akaelewa kwamba sanduku la betri linakaa kwenye behewa lake lenyewe, linafuata nyuma kwa waya. Ah! Siku tatu zimepotea kwa ubishi. Akalala pale pale mkekani.

Akaamua kufanya kazi kwa vipimo. Fimbo ya kupimia hakuwa nayo, lakini Kinyanjui alikuwa naye kichwani. Boneti ilimfika Kinyanjui kwenye ukingo wa kofia. Ngazi ya kibanda ilimfika kwenye mkanda. Kutoka mbele ya injini hadi mlangoni, hatua zake saba. Kila kipimo alichokihitaji alikipata kwenye mwili wa rafiki yake. Tofali moja akalihesabu kuwa kiganja kimoja na nusu. Masahani ya mbele hakuyaweka. Zeddy, binti yake wa darasa la sita, alilinganisha na ile picha ambayo Sarla aliwaazima, akauliza mbona haifanani.

"Hiyo ni ya kwao," Kosgei akasema. "Hii ni yetu."

Chepkemei naye alikuwa akienda hospitali kila Jumapili na kibuyu cha maziwa. Kosgei hakwenda. Alienda siku ya kwanza tu, akasimama mlangoni, akaona pale blanketi ilipolala bapa, akarudi. Chepkemei akirudi, Kosgei anauliza, "Amesema nini?"

"Amesema nikusalimie."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, baba Zeddy. Ulitaka aseme nini?"

Hata mimi nauliza, alitaka aseme nini? Matusi, labda. Matusi yangempunguzia mzigo.

Injini ikaisha siku ya Jumatano, saa kumi jioni, jua likiwa bado mlangoni. Ilikuwa nzuri kweli, nyekundu, na ukanda mweupe pembeni ambao Kosgei aliutoa kwenye kibanda cha kwanza. Akabandika haragwe kwa nta kwenye kiti cha dereva: huyo ni yeye. Akachukua njiti ya kiberiti, akaisimamisha kwenye kipande cha sabuni mbele kabisa, katikati ya reli za buluu: huyo ni Kinyanjui. Akafunga uzi kwenye haragwe, akaupitisha dirishani, akaunyoosha kuelekea njiti. Uzi ukapiga boneti. Akajaribu kulia, akajaribu kushoto, ukapiga boneti. Haragwe halioni njiti! Chepkemei akapiga makofi. Mumewe alikuwa amesema kweli, na sasa kweli hiyo ilikuwa pale sakafuni, mtu anaweza kuibeba kwa mkono mmoja.

"Iendeshe tuone," akasema Zeddy.

Akaisogeza njiti mbele zaidi, akabonyeza swichi. Betri zilikuwa zimezeeka, injini ikatambaa pole pole, mota inanung'unika. Njiti ikapotea nyuma ya boneti. Kosgei akaegemea mbele, macho kwenye dirisha dogo.

"Unahesabu nini, baba Zeddy?" Chepkemei akauliza.

Kosgei akashtuka. Hakujua kwamba midomo inacheza. Akakata swichi, akang'oa betri zote tatu, akasema hakuna, hahesabu kitu.

Lakini alikuwa anahesabu, na ngoja niwaambie ni nini. Sheria ya Nilsen ilikuwa usipoona mkono, simama. Ila Nilsen aliondoka, na mabehewa yakaongezeka, na kila mara Kinyanjui alipoingia mbele ya boneti kutayarisha kiungo alipotea machoni. Kusimama kila mara, kuanza tena, siku nzima! Kazi haiishi. Wakapatana wao wawili, hakuna mwingine aliyejua. Kinyanjui akipotea, Kosgei hasimami, anatambaa tu, anahesabu. Kufika kumi, Kinyanjui ameshatoka, mkono uko juu. Kumi bila mkono, breki. Walifanya hivyo mara elfu ngapi, Mungu ndiye anajua, wala haikukosea hata mara moja. Waswahili wanasema mazoea yana taabu. Wanajua wanachosema.

Siku ile ya ajali Kosgei alikuwa kwenye shifti yake ya pili mfululizo. Dereva mwenzake, Micah, alikuwa ameacha kazi mwezi wa pili, na bwana Mukesh hakuajiri mwingine, maana Kosgei yupo na hasemi hapana. Wiki saba alifanya kazi ya watu wawili. Kinyanjui akapotea nyuma ya boneti. Kosgei akaanza: moja, mbili, tatu. Akafika kumi. Mkono haukuonekana. Naye, macho wazi, mikono kwenye usukani wa breki, akaendelea: kumi na moja. Kumi na mbili. Hakuwa amelala. Alikuwa amechoka tu, na namba zilikuwa zinafuatana zenyewe, hakuna aliyekuwa ndani wa kuzisimamisha. Kumi na nne akasikia ule mlio.

Kwa hiyo ni kweli hakumwona. Hapo ndipo ubaya ulipo, jamani. Njiti haionekani, uzi umeonyesha, hakuna uongo hata wa tofali moja. Lakini ukweli mwingine ulikuwa umekaa nyuma ya huo, na watu wawili tu duniani waliujua. Kinyanjui hakuwa ameusema. Wiki kumi, mguu hana, ofisa anamuuliza maswali, na hakusema neno juu ya kuhesabu. Kosgei alifikiri sana ni kwa nini. Alijiambia labda anaogopa, maana patano lilikuwa la wote wawili. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Wakakutana Ijumaa asubuhi katika kantini ya kiwanda. Ofisa wa kazi, mtu mwembamba mwenye kikohozi, alikaa mwisho wa meza na karatasi zake. Bwana Mukesh na Sarla walikaa upande wa dirisha. Kinyanjui aliletwa na shemeji yake, akakalishwa kwenye benchi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kupigwa pini. Alikuwa amekonda. Kosgei alimsalimu kwa mkono, akasahau kuuachilia, halafu akauachilia.

"Umezeeka, Kosgei," Kinyanjui akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi nimepunguzwa tu."

Kosgei akazipanga reli za buluu mezani, akaiweka injini, akalifunga behewa la betri nyuma. Ofisa akaisogelea kwa hamu ya mtoto, akaizunguka, akauliza hii umejenga mwenyewe, akaambiwa ndiyo. Akainama mpaka jicho likawa nyuma ya haragwe, jicho jingine akalifumba.

"Anzisha," akasema.

Kosgei akabonyeza swichi. Injini ikanguruma kidogo, ikaanza kutambaa kuelekea njiti.

"Naona... naona... sasa simwoni," ofisa akasema. "Kweli kabisa. Boneti imemficha." Akanyooka, akaanza kuandika. "Dereva hangeweza kumwona. Hiyo iko wazi. Bwana Mukesh, umeona?"

"Nimeona, nimeona," bwana Mukesh akasema, akatoa leso akafuta shingo.

Basi imekwisha. Kazi yake amepata, nyumba amepata, Zeddy ataendelea na shule. Kosgei aliyasikia hayo yote kwa mbali, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima injini, nayo ilikuwa bado inatambaa. Nne, tano. Akainua macho ili asiitazame. Akamwona Kinyanjui upande wa pili wa meza.

Midomo ya Kinyanjui ilikuwa inacheza.

Sita. Saba. Walikuwa pamoja, namba kwa namba. Nane. Tisa. Kumi. Kinyanjui akanyamaza hapo. Injini ikaenda mbele, ikaikuta njiti, ikaiangusha na kipande chake cha sabuni, ikapanda juu, ikakwama, mota ikaendelea kulia. Sarla ndiye aliyenyoosha mkono akaizima.

Ofisa alikuwa ameacha kuandika. "Mlikuwa mnahesabu nini nyinyi wawili?"

Kinyanjui akatazama chini. "Hakuna kitu, bwana ofisa," akasema. "Ni mchezo wetu wa zamani tu."

Loh! Mtu anapewa mlango wa kutokea, naye anaufunga kwa sababu rafiki yake amesimama mbele yake. Hapo Kosgei akajua kwamba haikuwa woga. Haikuwa woga hata siku moja. Akavuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne akasema kitu bila kukipima.

"Futa hiyo uliyoandika."

"Kosgei!" bwana Mukesh akasema.

"Wacha nimalize, bwana Mukesh, nimechoka. Hiyo boneti inaficha mtu, ni kweli. Lakini mimi nilijua inaficha. Kila siku inaficha. Asipoonekana, dereva anasimama, hiyo ndiyo sheria, na sisi tuliivunja wote wawili, tukaweka yetu. Akipotea nahesabu. Kumi bila mkono, nashika breki. Andika hapo." Akaonyesha karatasi kwa kidole. "Siku hiyo nilifika kumi na nne. Sijui kwa nini. Nilikuwa kwa shifti mbili wiki saba, lakini hiyo usiandike, hiyo si sababu. Kumi na nne. Makosa ni yangu."

Nje lori moja lilikuwa linapakuliwa, na makuli wanaitana. Bwana Mukesh alikuwa anaikunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Ofisa akakohoa, akachukua karatasi nyingine, akamgeukia Kinyanjui.

"Ni kweli hayo?"

Kinyanjui aliichukua ile injini mezani, akaitoa njiti iliyokwama chini ya gurudumu, akaipindua injini mkononi, akaitazama boneti, ngazi, ukanda mweupe. Akapitisha kidole pale mbele ambapo masahani hayakuwekwa.

"Amejenga vizuri," akasema. "Ni yenyewe." Kisha akasema, "Ni kweli, bwana ofisa. Kiatu changu kilinaswa kwenye reli. Nilipiga kelele, lakini hiyo dizeli ikinguruma hakuna mtu anasikia. Nikavuta mguu, nikavuta. Na mimi nilikuwa nahesabu, kila siku tulikuwa tunahesabu wote. Tano, sita, navuta. Nane, navuta."

Akaiweka injini chini mezani taratibu, akaisogeza upande wa Kosgei.

"Kufika kumi nikaacha kuvuta," akasema. "Nilijua ameshika breki."